Reli ya Mlingoti

Tunduma,
14 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa kidogo. Sisi huku ni wazima, ila vumbi la malori linatukohoza. Naandika kwa sababu simu umeikataa tangu masikio yako yafe kwa kelele za mashine, na maandishi ya kwenye kioo unasema unaona mchwa watupu. Jirani yako Jenista atakuletea barua akirudi kutoka kuuza maparachichi yake huku sokoni.

Baba, mimi na Watson tumepata msumeno wa meza! Ni wa mitumba, tumeuvusha kutoka Nakonde. Mzambia aliyetuuzia alituapia, "Nzima kabisa, mukwai," kwa ile heshima yao, na kweli injini ni nzima, inanguruma vizuri. Tatizo ni vile vinavyokaa juu yake. Kifuniko kinachozunguka mdomo wa diski, lile shimo la mezani inapochomoza, hakipo, kwa hiyo vipande vyembamba vinatumbukia pembeni ya diski na kurushwa usoni. Na ile reli inayoteleza kwenye mfereji wa meza, ile inayoongoza mbao ikatwe sawa, imelika. Inacheza kama jino la mtoto. Jana tumeunda fremu ya dirisha. Kona tatu zimekubali, ya nne imeacha uwazi unaopitisha kucha.

Watson anataka tutafute chuma bapa, tukipeleke kwa fundi akikwangue mpaka kiingie sawasawa kwenye mfereji. Mimi nimemwambia tusubiri, nimuulize kwanza mtu aliyesimama mbele ya misumeno miaka arobaini. Tufanyeje, baba?

Mwanao akupendaye,
Ikupa

*

Iyula,
20 Agosti 2023

Binti yangu Ikupa,

Marahaba. Mgongo upo pale pale, lakini nakula na kulala. Kahawa tumemaliza kuchuma. Kaburi la mama yako nimelipalilia Jumamosi.

Nimeisoma barua yako mara tatu kwa furaha. Sikiliza sasa.

Kifuniko cha mdomo kitengenezeni kwa mbao ngumu. Msipime kwa futi, futi inadanganya. Wekeni mbao juu ya shimo, choreni kwa penseli iliyochongwa vizuri, kateni nje ya mstari, kisha ni msasa na kujaribu, msasa na kujaribu. Kiingie kwa kusukumwa na dole gumba, kisianguke chenyewe. Kikikaa chini kuliko meza, kifungieni skrubu ndogo nne kwa chini, muwe mnazizungusha kidogo kidogo mpaka ukucha upite bila kukwama. Diski iwe imeshushwa kabisa. Kibaneni kwa ubao mzito, washeni, halafu pandisheni diski taratibu ijitoboe njia yenyewe. Hapo hakuna kipande kitakachotumbukia tena.

Kuhusu reli, tengenezeni kigari. Ni ubao mpana unaoteleza juu ya meza umebeba mbao unayoikata, na reli imefungwa chini yake. Nakutumia kipande cha mlingoti, mkaratusi wa hapa kwetu, kwa mkono wa Jenista. Kimekaa darini juu ya moshi wa jiko langu miaka sita, kikavu kama mfupa. Pakeni penseli ubavuni mwake, kipitisheni kwenye mfereji, kitoeni. Patakapong'aa ndipo panapobana. Hapo mpige randa mara moja tu, mjaribu tena. Mkifika pale ambapo kidole kimoja kinakisukuma na bado ukikitikisa hakichezi, acheni.

Chuma ni cha watu wasiojua kuchonga. Mwambie mume wako chuoni walimfundisha kupima, ila mkono kuhisi hawakumfundisha.

Ni mimi baba yako,
Hezron

*

Tunduma,
11 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo, tena leo naandika nacheka peke yangu.

Imekubali! Ile reli tumeishughulikia siku mbili nzima. Mimi napaka penseli, Watson anapiga randa. Mwisho alikuwa anatoa unyoya mwembamba hivi kwamba ukiupuliza unaruka. Mara ya kumi na saba (nilihesabu) akaiweka kwenye mfereji, akaisukuma kwa kidole kidogo, ikaenda mpaka mwisho bila sauti. Akakaa chini kwenye vumbi la mbao, akasema, "Mzee anajua." Yale maneno yako ya chuoni sikumsomea, nisamehe, lakini barua aliiona mezani na akaisoma mwenyewe. Aliikunja akairudisha.

Fremu sasa tunapima kona kwa kona, pande zote mbili zinalingana kabisa. Kuna mtu anajenga nyumba ya wageni Nanyala, ameziona, ametupa kazi ya madirisha arobaini na milango yote. Watson anaimba tangu asubuhi. Unajua sauti yake isivyo nzuri, afadhali wewe husikii.

Salamu kwa Jenista, na asante kwa mlingoti.

Mwanao,
Ikupa

*

Tunduma,
4 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na mvua? Huku zimeshika wiki ya pili sasa, malori yanazama kwenye tope mpaka ekseli. Watson alikuwa na mafua, amepona.

Nina swali, na ukiweza unijibu haraka, Jenista arudi na jibu wiki hii. Kigari kimekuwa kizito. Kinaanza vizuri, kikifika katikati kinakaza, Watson anakisukuma kwa kiuno ndipo kinaachia. Yeye anasema mti umekunywa unyevu na kuvimba. Anataka tuing'oe reli, tuweke chuma bapa kama alivyotaka mwanzo, au basi tuipige randa kidogo. Mimi nimemwambia asiiguse mpaka useme, kwa sababu reli umetoa wewe na wewe ndiye unayeijua. Alinijibu, "Haya, ni baba yako." Amekubali shingo upande. Madirisha kumi na moja bado, mwenye nyumba anayataka kabla ya Krismasi.

Je, tuipunguze?

Mwanao,
Ikupa

*

Iyula,
7 Desemba 2023

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mahindi yameota.

Msiiguse reli. Mlingoti wangu hauvimbi, nimekwambia ulikaa juu ya moshi miaka sita. Hilo ni vumbi la mbao limeshikana na unyevu kwenye mfereji. Pigeni mfereji brashi ya waya, pakeni nta ya mshumaa, kisha msukume kwa nguvu. Itazoea. Mkiipiga randa sasa, kiangazi itacheza na kazi yote imeharibika.

Na huyo mume wako aache haraka ya kutafuta chuma. Ufundi si kubadilisha kitu kila kinapokusumbua.

Baba yako,
Hezron

*

Iyula,
2 Januari 2024

Ikupa binti yangu,

Heri ya mwaka mpya. Hamjambo? Mimi sijambo.

Krismasi nimeila kwa Jenista. Sikupata barua yako, nikadhani ni shughuli za madirisha. Lakini Jenista amerudi jana anasema amekuta karakana imefungwa kwa kufuli, na jirani yenu muuza magodoro alimwambia tu "wako Mbeya." Mbeya kuna nini? Kama ni mgonjwa niambie ni nani.

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako,
Hezron

*

Tunduma,
19 Januari 2024

Baba,

Shikamoo.

Mgonjwa ni Watson. Hana tena mkono wa kulia.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Desemba, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumesafisha mfereji kwa brashi ya waya kama ulivyoandika. Tulikuwa tumepaka mshumaa. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza nikipokea vipande. Kigari kilifika katikati kikakaza. Watson akaniangalia. Nikamwambia, "Sukuma, baba amesema itazoea." Akaegemea kwa mwili wote. Kikaachia ghafla, kikaruka mbele, na mkono wake ukapita juu ya kizuizi cha kigari ukaenda kwenye diski.

Hakupiga kelele. Alisema, "Zima, Ikupa. Zima." Nilizima. Nikamfunga kwa khanga yangu, muuza magodoro akasimamisha gari barabarani. Madaktari wa Mbeya walijaribu siku nane kuuokoa mkono, kisha kidonda kikaharibika wakakata kwenye kifundo.

Kutoka hospitali hakutaka kurudi hapa. Ndugu zake walimchukua kwao Ileje. Nilitaka kwenda naye, akasema nibaki. Nilimuuliza nibaki mpaka lini, akageukia ukutani.

Niliing'oa reli nikaipima. Mlingoti wako umevimba baba. Ulikuwa unaingia kwa kidole kidogo, sasa hauingii hata kwa nyundo.

Ikupa

*

Iyula,
23 Januari 2024

Ikupa binti yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Barua hii nimeichana mara nne. Hii ya tano nitaimaliza hata iweje.

Vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto havikukatwa na mnyororo wa ng'ombe. Hadithi hiyo ya mnyororo ndiyo niliyomwambia mama yako, naye akawaambia ninyi, na amekufa akiamini hivyo. Vilikatwa na msumeno wa meza mwaka 1991, mwezi wa kwanza, mvua zikiwa kubwa, kwenye karakana niliyokuwa fundi mkuu. Reli ilikuwa ya mlingoti niliyoikausha mwenyewe juu ya moshi. Mti uliokauka kupita kiasi ndio unaokunywa zaidi mvua zikija. Ilikaza, nikasukuma, ikaachia.

Siku mbili kabla yake kijana mmoja wa pale aliniambia reli imevimba, nikamfokea mbele ya wenzake. Baada ya kuumia niliona haya. Yule kijana nilimwomba asiseme, na kijijini nikaja na hadithi ya ng'ombe. Tangu siku ile kila mwezi wa kumi na moja nilikuwa naitoa reli yangu na kuipunguza, nikiwa peke yangu, mlango umefungwa.

Kwa hiyo Agosti, nilipokutumia ule mti, nilipaswa kuandika: mvua zikianza itoe, uipunguze. Niliacha. Nilijiambia bado mapema, nitaandika baadaye.

Barua yako ya Desemba ilipofika nilijua. Sikuwa na shaka hata dakika moja. Nataka ulielewe hili, usije ukanitetea kwamba ni uzee. Nilisoma "kinaanza vizuri, kikifika katikati kinakaza," nikaona mkono wangu. Halafu nikasoma kwamba Watson amesema umevimba, na Watson anataka chuma, na Watson alisema hivyo tangu mwanzo. Moyo wangu ukawa mgumu. Nilishindwa kuandika "mume wako yuko sahihi." Maneno manne, Ikupa. Nikaandika yale mengine.

Nilidhani itakaza tu, mtahangaika, kisha kiangazi kitarudi na mimi nitaonekana nilisema kweli.

Sijui niombe nini. Sikuombi kitu.

Hezron

*

Iyula,
25 Februari 2024

Ikupa,

Jenista anasema alikupa barua yangu mkononi, ukaiweka kwenye mfuko wa aproni ukaendelea kupiga msasa. Mwezi umepita. Sikulaumu.

Nakuandikia kukuambia nilipokwenda, usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Alhamisi nilipanda gari mpaka njia panda ya Mpemba, nikashuka kusubiri la kwenda Ileje. Pale niliona foleni ya malori inayoelekea kwenu Tunduma. Ningeweza kufika kwako kabla ya saa sita. Miguu ilikataa. Nikapanda la Ileje.

Nilimkuta Watson nje ya nyumba ya wazazi wake, amekaa juu ya gogo, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Mama yake alinipa kiti na kunisalimia, alifikiri nimekuja kumpa mkwe wangu pole. Nilibaki nimesimama. Nikasema yote, kuanzia 1991 mpaka barua ya Desemba. Sijui nilisema kwa sauti kubwa kiasi gani, mimi sijisikii, lakini watu wa nyumba ya jirani walitoka wakasimama kwenye mihogo yao.

Watson alifungua mdomo akaongea, sikusikia kitu. Nikamwonyesha masikio. Akamwagiza mama yake alete daftari. Mama alitaka amwandikie yeye, akakataa. Akaliweka juu ya goti, akashika penseli kwa mkono wa kushoto. Nilisimama nikimwangalia anavyoandika. Ikupa, ilichukua muda mrefu. Daftari lilikuwa linateleza, na hakuwa na mkono wa kulizuia, na mimi niliogopa kulishika.

Aliandika: ULIJUA?

Nikasema ndiyo.

Akaandika tena: IKUPA ALIJUA?

Nikasema hapana. Nikasema wewe hukujua lolote, hata habari ya vidole hukujua, kwamba uliniuliza kama mtoto anavyomuuliza baba yake na mimi nikakudanganya. Watson akaiweka penseli juu ya gogo, akaingia ndani akafunga mlango.

Mama yake alikichukua kile kiti alichonipa akakirudisha ndani naye. Nilitembea kurudi barabarani.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Sitaandika tena mpaka uniambie.

Hezron

*

Tunduma,
6 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Jenista anasema umekonda.

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ile ya Januari niliisoma jioni ile ile, nikaitupa kwenye pipa la maranda, usiku nikaamka kuitafuta. Sikujibu kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa tusi, na sijalelewa kukutukana. Ulinilea vizuri, ndiyo sababu ilikuwa vigumu.

Watson amerudi. Alikuja Machi, wiki mbili baada ya wewe kwenda kule, amebeba mfuko mmoja. Alisimama mlangoni akaniambia miezi yote ile alikuwa anafikiri mimi nilijua na niliamua kusimama upande wako. Aliniambia, "Nilikuwa nakusikia tu unasema sukuma. Nalala, nakusikia." Nikamwambia hata mimi najisikia. Tulikaa hivyo, hatukukumbatiana wala nini. Lakini ule mfuko aliufungua akatoa nguo zake.

Si mtu yule yule. Haimbi. Fundi anayefunga kifungo cha shati lake kwa meno hupenda kuachwa peke yake akifanya hivyo, nimejifunza kumwacha. Mchana anakaa na skwea anakagua kona zangu kwa mkono wa kushoto, na ikiwa imekosea hata kidogo anairudisha. Reli yetu sasa ni ya chuma. Ile ya mlingoti nilitaka kuichoma, Watson akanikataza. Ameitundika ukutani na kuandika chini yake, kwa zile herufi zake mpya zilizopinda, vipimo viwili: wa Septemba na wa Desemba. Mafundi wa jirani wakija anawaonyesha. Hasemi ilitoka kwa nani.

Yule mwenye nyumba ya Nanyala aliyapeleka madirisha kumi na moja yaliyobaki kwa fundi mwingine. Tunatengeneza stuli na vitanda. Mashine naiwasha mimi. Kila nikiiwasha Watson anatoka nje, anarudi ikizima.

Nimemwambia nakuandikia. Akasema barua ni yangu, niandike ninachotaka.

Sijakusamehe, baba. Nimejaribu kanisani, nimejaribu nyumbani, sijaweza, na sitaandika uongo kwenye karatasi, uongo wa kwenye karatasi umeshatutosha. Lakini Jenista anasema siku hizi hupiki, unakula ndizi mbichi umesimama. Mimi sina baba mwingine wa kunikondea.

Baada ya Pasaka wamefungua tena ile barabara ya kwenu iliyokatwa na mvua, magari yanapita. Panda la asubuhi. Usilete mbao wala kitu chochote cha karakana. Ukifika, Watson hatatoka kukusalimia, usimwite na usimfuate. Utakaa na mimi upande wa jikoni, utakula ugali wa moto, na pengine hatutasema kitu mpaka jioni.

Njoo hivyo hivyo.

Mwanao,
Ikupa